Kuna Aliyekishika

*Ufikiaji umekataliwa.* Kwa Kiswahili kabisa,
maana niliibadilisha lugha ya hii mashine
siku mvua ilipotufungia dukani, mimi na Ndeshi,
ghorofani, Moshi, juu ya duka la mbegu.

Nikacheka. Anikatalie nani?
Diski ni ya chama cha kahawa cha Uru,
barua ya katibu ninayo, ina muhuri wa zambarau:
futeni yote, muweke mfumo mpya.
Programu nimeiandika mwenyewe, siku tisa,
kwa chai na maandazi ya mama Nakijwa.

Nikaanza na kosa la kila mtu: sikuwa msimamizi.
Nikafunga, nikafungua upya kwa jina kubwa,
lile ambalo mashine nzima huliinukia.
Umekataliwa.
Nikazima antivairasi, yule mbwa koko
anayembwekea hata mwenye nyumba.
Nikabadili waya. Nikabadili tundu la waya.
Nikaigeuza diski kutafuta kitufe
kama mtu atafutaye miwani aliyoivaa.
Umekataliwa.

Ndipo nikatazama namba,
jambo ambalo asiye na haraka hulifanya kwanza.
Kumbe haikukataa tangu mwanzo!
Sekta ya sifuri ilipokea. Ya kwanza, ya pili,
ya mia, ya elfu, hadi ya elfu mbili na arobaini na saba,
zote zimeandikwa, safi.
Iliyofuata ndiyo iliyogoma.

Nikamkumbuka bibi yangu, Mbokomu,
akinionyesha mpaka kwa kidole cha mguu
kwa kuwa mikono imejaa majani ya ng'ombe:
"Barabara ni ya wote, pita hata usiku, imba.
Ukiona masale yamesimama mstari, nawe simama.
Ndani kuna mtu, hata usipomwona."

Basi, zile elfu mbili za mwanzo ni barabara.
Kuanzia pale ni kihamba cha watu,
na mimi, na usimamizi wangu wote,
sikubisha hodi; nimepenyea migombani.

Adabu yake inajulikana:
ukifunge kipande kwanza, kisha ukishushe,
ndipo uandike.
Nikaomba kukifunga. Ikajibu:
hakifungiki, kuna aliyekishika.

Nikaorodhesha walioshika. Mmoja tu.
Faili moja, limefunguliwa kutoka meza ya dirishani.

"Ndeshi, umefungua nini?"
Hakugeuka. Kiooni mwake rejista ya mizani,
msimu wa zamani, mstari wa katikati:
*Apaikunda Mlay, kilo 41, daraja la pili, malipo: bado.*
"Ni bibi," akasema.
"Kila siku alisema hawakumlipa.
Sisi tukasema ni uzee."

Ningeweza kulazimisha. Amri ipo:
inakishusha kipande kwa nguvu
na kumwacha msomaji ameshika hewa.
Nilishaiandika nusu.

Nikaifuta. Nikaenda kuchemsha maji.
Saa kumi na moja, mlima umejifunika,
chini mtu anabishana bei ya mbegu za karoti.
Ndeshi akatoa daftari la mahesabu ya vocha,
akanakili kwa kalamu, herufi kubwa kubwa:
tarehe, kilo, daraja, namba ya stakabadhi.
Neno *bado* akalipigia mstari mara mbili,
karatasi ikatoboka kidogo.
Nikamwambia, piga na picha. Akapiga.

"Nimefunga."

Kikafungika. Kikashuka.
Sekta ya elfu mbili na arobaini na nane
ikapokea bila neno, na jirani zake wote,
hadi mia kwa mia, saa mbili kasoro usiku.

Kesho yake katibu alipanda ngazi akihema,
akaikuta diski tayari, risiti yangu juu yake,
na kijana aliyeinuka kutoka dirishani,
daftari kwapani:

"Shikamoo.
Nina swali la kilo arobaini na moja."